Kioo cha AMOLED na drumu ya fotokopi: dalili, chanzo, na cha kuangalia kabla hujatoa hela

Huku Kigoma mafundi tunaletewa vitu viwili ambavyo ukiviangalia havina undugu kabisa, simu zenye vioo vya AMOLED (vioo ambavyo kila nukta inajiwashia mwanga wake) na mashine za fotokopi na printa za leza kutoka steshenari za Mwanga na Ujiji, na malalamiko ni yaleyale yanajirudia. Ndani vina kitu kimoja. Vyote viwili vinategemea semikonda oganiki, yaani utando mwembamba wa molekuli za kaboni unaopitisha umeme pale tu unapoulazimisha, badala ya silikoni tuliyoizoea kwenye chipu. Kwenye kioo cha simu utando huo ukipitishiwa umeme unatoa mwanga wenyewe. Kwenye drumu, ile silinda ya ndani ya mashine inayobeba picha kabla haijaenda kwenye karatasi, ni kinyume, unazuia chaji ukiwa gizani na ukimulikwa na leza ndo unaiachia ipite.

Na sio teknolojia ya juzi. IBM walitoa mashine ya kopi yenye utando wa oganiki mwaka 1970, kipindi ambacho mashine nyingi zilikuwa bado zinatumia seleniamu. Halafu mwaka 1987 Ching Tang na Steven Van Slyke wa kampuni ya Kodak wakatangaza oled yao, yaani utando oganiki unaotoa mwanga, ya tabaka mbili, na kwenye tabaka la kubeba chaji walitumia molekuli za jamii ya arilamini, jamii hiyohiyo inayobeba chaji kwenye drumu za fotokopi.

Adui za utando huu ni maji, oksijeni, joto, mwanga mkali kwa upande wa drumu, na matumizi yenyewe. Utando ukishaharibika haurudi, hakuna apu wala dawa. Lakini vitu vingi vinavyouzunguka, konekta, waya, setingi, vumbi, hivyo vinatengenezeka, na hapo ndo watu wanapoteza hela kwa pande zote mbili, huyu anabadilishiwa kioo kizima wakati konekta tu imelegea, yule anapakua apu kumi za kufufua kioo ambacho kimeshakwisha. (Sola za majumbani kwetu ni za silikoni, hizo hazimo humu.)

Kwanza jua kioo chako ni cha aina gani. Tafuta picha nyeusi tupu, ifungue ijae kioo chote, ingia chumba chenye giza. Kama kioo kinang'aa kijivu hivi, hiyo ni LCD, ina taa nyuma inayowaka muda wote. Kama kimezima kabisa huoni hata mpaka wake, ni AMOLED, maana kila nukta inajizima yenyewe.

"Fundi, simu inaita, inatetemeka, ila kioo cheusi"

Mara nyingi ni programu imeganda. Shikilia kitufe cha kuwashia pamoja na cha kupunguza sauti sekunde 10 mpaka 20 bila kuachia, Android nyingi zitajizima na kuwaka upya. iPhone za kuanzia X unabonyeza cha kuongeza sauti unaachia, cha kupunguza unaachia, halafu unashikilia cha pembeni mpaka alama ya kampuni itokee. Fanya hivi kabla hujampa mtu yeyote bisibisi.

Ikikataa iweke chaji nusu saa kwa chaja unayoiamini, betri iliyoisha kabisa inachukua muda kuamka. Kuna nyingine inatuletea wateja bila sababu: mwangaza umeshuka hadi chini kabisa na mtu yuko juani pale mwaloni Kibirizi, haoni kitu anadhani imekufa. Ingia kivulini uangalie tena. Na kama kioo kinakuwa cheusi wakati wa kuongea tu, angalia protekta, nyingi za bei ya chini zinafunika sensa ya juu inayojua kama simu iko sikioni, kwahiyo simu inaamini bado iko sikioni na inazima kioo.

Kama ilidondoka ndo ikazima, hapo tunaingia ndani. Kinachofuata kwa wingi ni konekta ya kioo kuchomoka kwenye bodi, na hiyo ni kazi ya fundi kufungua, kusafisha na kuibana upya, haihitaji kioo kipya. Mwambie wazi, "fundi naomba ujaribu kwanza konekta". Ikishindikana ndo kioo chenyewe, na mwisho kabisa bodi.

Jambo moja la kuwa nalo macho. Ukiambiwa "taa ya kioo imeungua" na simu yako ni AMOLED, huyo hajui anachofanya. AMOLED haina taa ya nyuma. Lile jaribio la kumulika tochi kwenye kioo uone picha kwa mbali linafanya kazi kwenye LCD tu.

"Umetokea mstari wa kijani kutoka juu mpaka chini"

Hili linaongoza siku hizi, na watu wanaumia kwa sababu simu haikudondoka wala haikuingia maji, wengi wanasema ilianza baada ya apdeti. Kabla ya yote piga skrinishoti ya kioo chenye mstari, mtumie ndugu yako aiangalie kwenye simu yake. Kama kwake mstari hauonekani, tatizo liko kwenye kioo, sio programu, na kufuta kila kitu na kuanza upya hakutasaidia chochote, usipoteze picha zako bure. Kama kwake unaonekana, hiyo ni programu, hapo kurudisha simu mwanzo kunaweza kusaidia, ila hali hii ni adimu.

Chanzo cha mara nyingi wala sio utando wa oganiki. Ni njia ya umeme. Pembeni ya kioo, kwa kawaida chini, kuna filamu laini yenye chipu inayopeleka amri kwa kila safu ya nukta, na zile nyuzi ni nyembamba sana, moja ikikatika au muungano wake ukiachia kwa sababu ya joto au kukandamizwa, safu nzima inakosa amri inabaki imewaka. Vioo vingi vya AMOLED vina nukta za kijani kwenye safu zao peke yake huku nyekundu na bluu zikipokezana kwenye safu moja, ndo maana ukikutana na mistari utaona ya kijani tupu au ya pinki, mara chache rangi nyingine.

Cha kufanya: toa kava, acha simu ipoe, ona kama mstari unapungua. Ukipungua ikipoa na kurudi ikipata moto, muungano unaachia, na kwa uzoefu utaongezeka. Hifadhi vitu vyako mapema. Mwambie fundi ajaribu konekta kwanza, ni bei ndogo. Kuunganisha upya ile filamu kunahitaji mashine ya kubana kwa joto na darubini, na sio kila mji una fundi wa hivyo, kwahiyo akitokea mtu anataka kuibonyeza na pasi ya kulehemia, chukua simu yako uondoke. Kama simu bado ina waranti usiifungue kabisa, rudi ulikonunua, kuna watengenezaji waliowahi kubadilisha vioo hivi bure kwa baadhi ya matoleo.

"Kuna doa jeusi, jana lilikuwa dogo leo limekua"

Watu wanaita kumwaga wino. Hakuna wino humo ndani. Ni hewa na unyevu vimeingia.

Tabaka zote za oganiki za kioo ukizipanga pamoja hazifiki hata mikroni moja (sehemu ya elfu ya milimita), na juu yake kuna tabaka la chuma chembamba linaloleta umeme, chuma ambacho kikikutana na maji kinaoza haraka. Kwahiyo kiwandani kioo kinafungwa kwa kizuizi kikali mno, kipimo wanacholenga ni maji yasizidi gramu 0.000001 kwa mita moja ya mraba kwa siku. Yaani gramu moja ya maji kwenye mita ya mraba nzima ingehitaji siku milioni moja, zaidi ya miaka 2,700. Sasa ufa ambao jicho halioni unafuta ulinzi wote huo kwa mara moja. Unyevu unaingia, eneo linakuwa jeusi au zambarau, na linatanuka pole pole hata kama simu imezimwa kwenye kabati.

Sababu kwa mpangilio ninaouona: kudondoka kwa kona, hata kama kioo cha juu hakikupasuka, kukaliwa, simu ikiwa mfuko wa nyuma kwenye bodaboda, betri kuvimba na kusukuma kioo kwa ndani, maji. Wavuvi wa dagaa wanaokaa ziwani usiku kucha wanafunga simu kwenye plastiki, ni wazo zuri kwa mawimbi, ila plastiki ikifungwa na simu ya moto ndani halafu baridi ya alfajiri ikaingia, jasho linajitengeneza humohumo. Ukirudi nchi kavu ifungue, ifute, iache kivulini kabla hujaichomeka chaji.

Hakuna cha kuzuia doa. Usibonyeze, usipashe joto, usiifukie kwenye mchele, mchele hauvuti unyevu uliokwisha kuingia kwenye tabaka na vumbi lake linaziba tundu la chaji. Kazi pekee ya haraka ni kuhamisha picha, namba na hela zako wakati tachi bado inakubali, maana doa likifika eneo la kuandikia namba ya siri umekwama.

Simama hapa: ukiona kioo kimenyanyuka upande mmoja, mgongo wa simu umetuna, au unasikia harufu tamu kali kama ya dawa ya kutolea rangi ya kucha, betri imevimba. Zima, usichaji, usibonyeze kioo kirudi chini, usitoboe ile betri eti itoe upepo. Iweke mbali na godoro na mapazia, mpelekee fundi siku hiyohiyo.

"Alama zimeganda, nafungua kitu kingine bado naziona"

Fungua picha ya kijivu iliyojaa kioo. Simu moja ya kijana wa bodaboda pale Mwanga ilikuwa na moyo, kiputo cha komenti na mshale wa kusambaza upande wa kulia, vyote vimekaa wazi kwenye kijivu kama vimechorwa kwa penseli, na juu kabisa alama ya betri na saa. Hizo ni saa nyingi za video fupi huku mwangaza uko mwisho.

Kwanza hakikisha ni ya kudumu. Zima simu saa moja au mbili, washa, rudia ile picha ya kijivu. Ikififia au kupotea ilikuwa ya muda tu. Ikibaki palepale, nukta za eneo hilo zimechakaa kuliko jirani zake.

Kila nukta inazeeka kwa kadiri ilivyowaka, na bluu ndo inayowahi. Nyekundu na kijani siku hizi zinatumia molekuli zenye metali ya iridi zinazogeuza karibu chaji zote zinazokutana ndani yake kuwa mwanga, wakati bluu kwenye simu nyingi bado ni aina ya zamani yenye hasara, inahitaji umeme mwingi zaidi kwa mwanga uleule, na nishati ya mwanga wa bluu yenyewe ni kubwa kiasi cha kukata viungo vya molekuli. Ndo maana kivuli kikongwe kinaonekana cha njano njano, bluu imeondoka.

Zile apu za kufuta kivuli zinawasha rangi kwa nguvu masaa mengi. Kwa alama ya muda zinaweza kusaidia kidogo, ila kwa ya kudumu kinachofanyika ni kuchakaza na nukta nzima zilizobaki ili zifanane na zile mbovu. Mimi nasema usiziweke. Shusha mwangaza, weka kioo kijizime ndani ya sekunde 30, weka mandhari nyeusi, ficha vitufe vya chini tumia kupangusa, na kama una simu dukani inayoonyesha kamera ya ulinzi kutwa nzima tumia ya LCD kwa kazi hiyo. Juani simu inapandisha mwangaza juu kabisa na joto nalo liko juu, hapo kioo kinazeeka kwa njia mbili kwa pamoja, kwahiyo kuifunga kwenye usukani wa pikipiki saa saba mchana ikiwa inaonyesha ramani ni kuimaliza.

Rangi imegeuka, au kioo kinapepesa

Rangi ya njano au chungwa: angalia setingi ya kulinda macho usiku, imewashwa bila mtu kujua, ndo jibu la wengi. Kijani kikitokea mwangaza ukiwa chini kabisa tu na kupotea ukiupandisha, ni nukta kutopata umeme sawasawa kwenye kiwango kidogo, unaweza kuishi nalo, ila likianza kutokea hata mwangaza ukiwa juu basi ni kioo au konekta.

Kupepesa: elekeza kamera ya simu nyingine. Ukiona mistari inatembea, huo ni utaratibu wa kioo chenyewe, AMOLED nyingi zinapunguza mwanga kwa kuwaka na kuzima haraka, baadhi mara 240 kwa sekunde, nyingine maelfu. Jicho halioni ila kuna watu kichwa kinawauma kweli, sio uzushi. Pandisha mwangaza kidogo na uwashe taa ya chumbani, na kama setingi ina chaguo la kupunguza kupepesa liwashe. Ila kupepesa unakoona kwa macho, mara kunazima mara kunawaka, hasa baada ya maji, ni umeme unaruka ndani. Zima na uende kwa fundi.

"Nilibadilisha kioo, sasa alama ya kidole haisomi na chaji inaisha haraka"

Mara nyingi umewekewa LCD. Hili ndo linaniudhi kuliko yote kwa sababu mteja haambiwi. Sensa ya kidole iliyo chini ya kioo inasoma kupitia katikati ya nukta za AMOLED, na LCD ina taa na karatasi za kuakisi nyuma yake, hakuna kinachopita. Taa hiyo inawaka muda wote, kwahiyo hata mandhari nyeusi haikuokolei chaji. Rudia jaribio la chumba cha giza pale mwanzo, hata dukani kwa kuziba na viganja. LCD sio dhambi, ni nafuu na kwa simu ya zamani inaweza kukutosha, lakini chagua ukijua, na uliza kabla simu haijafunguliwa.

Na ukiambiwa utabadilishiwa kioo cha juu tu, uliza mashine. Kile kinabanduliwa kwa joto na waya juu ya utando usiopenda joto wala kupinda, mtu mwenye blowa tu na subira atakuharibia AMOLED iliyokuwa nzima.

Fotokopi: mstari mweusi, alama zinazojirudia, kopi hafifu

Dada zetu wa steshenari, kabla ya kununua drumu fanya hivi. *Mstari mweusi wa urefu:* weka karatasi juu ya kioo kikubwa badala ya kupitisha kwenye kilishio cha juu. Mstari ukipotea, drumu haina kosa, kuna uchafu kwenye kile kioo chembamba cha pembeni, mara nyingi tone la gundi au wino wa kusahihishia, kifute kwa kitambaa laini chenye unyevu kidogo. Ukibaki, printi ukurasa kutoka kompyuta. Bado upo? Basi ni rola ya kuchaji imechafuka, bledi ya kusafishia imeliwa, au drumu imekwaruzwa.

*Alama inayojirudia:* chukua rula upime kutoka alama hadi alama. Drumu yenye kipenyo cha milimita 30 inarudia kila milimita 94, ya milimita 24 kila milimita 75, zidisha kipenyo kwa 3.14 upate ya kwako. Kipimo kikilingana, ni drumu. Kisipolingana, ni rola nyingine au fyuza (sehemu ya moto inayoyeyushia unga wa wino kwenye karatasi), usinunue drumu.

*Kopi hafifu au za kijivu:* angalia tona (unga wa wino) kwanza, halafu karatasi. Masika huku rimu ikikaa wazi inavuta unyevu, tona haishiki vizuri, fungua rimu mpya ujaribu. Baada ya hapo ndo ushuku drumu imepigwa na mwanga. Nimekuta katriji imetolewa ili karatasi iliyonasa ichomolewe, ikawekwa kaunta karibu na dirisha huku foleni ya wanafunzi ikihudumiwa kwenye mashine nyingine, na drumu ile ya bluu-kijani inaangalia jua. Rangi hiyo ni ya fithalosianini, ndo inayozalisha chaji ikipata mwanga, kwenye safu isiyofika mikroni moja, na juu yake kuna safu ya mikroni 20 hadi 30 hivi ya kusafirisha chaji. Ikimulikwa muda mrefu haishiki tena chaji sawasawa gizani. Kama ilikuwa dakika chache irudishe gizani ipumzike siku moja, mara nyingine inarudi. Kama ilikuwa jua la moja kwa moja, usitegemee.

Usiifute drumu kwa spiriti, thina wala petroli, ile safu ya juu ni molekuli zilizochanganywa kwenye plastiki ya polikaboneti na vimiminika hivyo vinaipasua au kuiyeyusha. Kitambaa kikavu laini tu, na vidole shika pembeni.

Simama hapa: usifungue eneo la fyuza mashine ikiwa imetoka kufanya kazi, inafika nyuzi karibu 200, chomoa waya na subiri nusu saa. Na ukisikia mlio wa cheche ndani au harufu ya kuungua, chomoa ukutani na uite fundi, rola ya kuchaji inaendeshwa kwa mamia ya volti au zaidi.

Ukienda kununua drumu mpya andika namba iliyo kwenye katriji, sio jina la mashine tu, kwa sababu mashine moja ina katriji zaidi ya moja. Mfuko mweusi usiufungue dukani kuhakikisha rangi, ufungue ukiwa umeshasafisha tona iliyomwagika, kifuniko kiko wazi na pazia limeshushwa.